Kitindamimba wetu aliuza nusu ekari ambayo haikuwepo

Mama alifika kwenye afisi ya bodi saa mbili asubuhi ilhali kikao kilikuwa kianze saa nne. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Mkononi alishika mfuko wa unga, ndani ya mfuko kulikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha hatimiliki ya shamba letu la Ukambani: ekari mbili, jina lake pekee. Ana miaka 71. Alikuwa ametuambia mimi na dada yangu mkubwa kwamba hataki kufa atuachie kesi.

Tulikaa kwenye benchi chini ya mti pamoja na familia zingine. Wengine walikuwa wamekuja kuuza, wengine kugawia watoto, wengine kuweka shamba rehani wapate mkopo. Jina letu lilipoitwa tukaingia. Mwenyekiti alimuuliza mama kwa upole kama kuna mtu amemlazimisha kugawa shamba.

"Hakuna."

"Watoto wako ni wangapi?"

"Watatu."

Akatuangalia. "Mimi naona wawili."

Mama akaeleza kwamba kitindamimba wetu yuko Qatar, analinda jengo fulani Doha, na kwamba amekubali kila kitu kwa simu. Ndipo mzee mmoja wa bodi, ambaye anatoka upande wetu, akainua mkono. "Na yule kijana ameweka seng'enge kule chini karibu na mto, yeye ni nani?"

Mama akasema ni mpangaji. Kitindamimba alimwambia amemkodishia mahali pa kupanda sukumawiki.

Mzee akatikisa kichwa. "Mpangaji hachimbi msingi, mama."

Hakuna aliyesema kitu. Mwenyekiti akafunga faili yetu na kutuambia twende tukaelewane kwanza, turudi mwezi ujao na barua ya yule wa tatu. Tukatoka nje. Mama alirudisha bahasha kwenye mfuko wa unga na kuukunja mara tatu.

Jioni hiyo nilimpigia ndugu yangu. Aliwasha kamera, akanitazama, akazima kamera. Kisha akasema ukweli wote. Alikuwa ameuza nusu ekari kwa Sh600,000. Alishapokea Sh400,000, na ndizo zilizomlipia ajenti, pasipoti na tiketi ya ndege. Makubaliano waliandikiana kwa karatasi mbele ya broka, wakapima shamba kwa hatua, wakapiga picha wakisalimiana. Hiyo ilikuwa miezi minane kabla ya sisi kwenda kwa bodi.

"Si hiyo ingekuwa sehemu yangu tu?" akaniuliza. "Nimeuza changu."

Najua kuna mtu anasoma hapa akisema, huyu brathe ako na pointi. Mimi pia nilidhani hivyo. Nilikuwa sijui kwamba alikuwa amekosea mara tatu kwa karatasi moja.

Miezi sita ya sheria

Kosa la kwanza ni rahisi. Shamba lilikuwa la mama. Mtoto hana sehemu kwenye shamba la mzazi aliye hai hadi mzazi mwenyewe aamue kumpa na iandikwe hivyo kwenye sajili ya ardhi. Kusema "hii ndiyo yangu" kwa sababu wakati wa Krismasi mama alionyesha kidole kule chini karibu na mto haikufanyi mwenye ardhi.

Kosa la pili ndilo wengi wetu hatujui. Ardhi ya kilimo nchini Kenya haiuzwi, haigawanywi, haikodishwi wala kuwekwa rehani bila idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi. Hiyo ni Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, ya mwaka wa 1967. Wazee wetu wanaiita tu lendi bodi. Sheria hiyo inasema ombi la idhini lazima lipelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano yafanywe. Idhini isipopatikana, makubaliano ni bure kabisa machoni pa sheria, hata kama mlipiga picha, hata kama chifu alikuwepo, hata kama mlichinja mbuzi.

Mnunuzi anabaki na nini? Anaweza kudai pesa zake zirudishwe kama deni. Shamba hapati kwa karatasi hiyo. Tena sheria hiyohiyo inasema ni kosa la jinai kulipa au kupokea pesa, au kuingia na kukaa kwenye shamba, kwa ajili ya kuendeleza mauzo ambayo yameshakuwa batili. Kuna mlango mmoja umeachwa wazi: mahakama inaweza kuongeza ule muda wa miezi sita ikiona kuna sababu ya kutosha. Na kuna wanunuzi waliowahi kuokolewa na majaji waliosema si haki muuzaji ale pesa kisha ajifiche nyuma ya sheria. Lakini hiyo ni kesi, na kesi ni miaka na ni wakili.

Ukijiuliza bodi ni ya nini hasa, fikiria mama yangu kwenye kile chumba. Aliulizwa kama amelazimishwa. Watoto walihesabiwa. Mzee aliyejua mipaka ya kijiji aliuliza kuhusu seng'enge. Bodi pia inatakiwa kuangalia kama vipande vitakavyobaki vitakuwa vidogo hadi visizalishe chakula. Kuna mabroka wanaoizungumzia kama kizuizi cha kurukwa. Kwetu ndiyo iliyogundua kitu ambacho familia nzima ilikuwa imefichwa.

Na usidhani ukingoja mzazi aondoke ndio utaikwepa. Shamba la marehemu linaporithiwa na mtu mmoja, au na ndugu wote kwa pamoja, idhini ya bodi haihitajiki. Lakini mirathi ikisababisha shamba kugawanywa kuwa vipande viwili au zaidi vyenye hatimiliki tofauti, mtarudi kwenye lile benchi chini ya mti. Tofauti ni kwamba kabla ya hapo mtakuwa mmepitia mahakamani, tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali, na miezi kadhaa ya kungoja hati ya usimamizi wa mirathi ithibitishwe.

Hesabu ya njia

Kosa la tatu lilikuwa la hesabu, na hilo ndilo lilitufanya tuketi chini.

Dada yangu alitafuta mpimaji ardhi mwenye leseni. Sevea alikuja na kijana wake, wakaweka mashine, wakazunguka. Shamba letu lina umbo la mstatili: upana mita 60 upande wa barabara, urefu mita 135 hadi karibu na mto. Hiyo ni mita mraba 8,100, ekari mbili kamili. Sisi tulitaka vipande vinne: cha mama penye nyumba, na vya watoto watatu. Mbili gawanya kwa nne, kila mtu nusu ekari. Hata mtoto wa darasa la tatu anaweza.

"Na wa mwisho atapita wapi?" sevea akauliza.

Hakuna afisa wa mipango wa kaunti anayepaswa kuidhinisha kipande ambacho hakina njia ya kuingilia. Kwa vipande vichache njia ya mita 6 huweza kukubaliwa, lakini mara nyingi mita 9 ndizo hutakiwa, ili gari la zimamoto, lori la mchanga na nguzo za stima zipate nafasi. Sisi tuliambiwa mita 9. Njia hiyo ilipaswa kuanzia barabarani na kupita vipande vitatu vya kwanza hadi ifike cha nne, yaani kama mita 101. Piga hesabu: mita mraba 909. Karibu robo ekari inageuka kuwa barabara, na hiyo si ya mtu yeyote tena, ni ya wote.

Kilichobaki ukigawa kwa nne, kila mtu anapata kama mita mraba 1,798. Hiyo ni ekari 0.44. Nusu ekari ni mita mraba 2,023.

Kwa hivyo ile nusu ekari aliyouza ndugu yangu haikuwepo. Hakuna mtu kwenye familia yetu angekuwa nayo.

Hii hesabu ya njia ndiyo inawaangusha wanunuzi wengi wa ploti. Hata ile ploti tunayoiita eighth mara nyingi si sehemu ya nane ya ekari. Futi 50 kwa 100 ni mita mraba 465 hivi, na sehemu ya nane ya ekari kamili ni mita mraba 506. Mwenye shamba amekata barabara zake ndani ya ekari, na ni sawa, mradi ujue unacholipia ni kipi. Soma hekta zilizoandikwa kwenye hati, usisome tangazo.

Kijana wa seng'enge

Tulimwita mnunuzi nyumbani Jumamosi moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Akaja na mkewe aliyebeba mtoto mgongoni, na faili ya plastiki. Ana miaka 29, anauza vipuri vya pikipiki sokoni. Ndani ya faili alikuwa na kila risiti, za M-Pesa amezichapisha, za seng'enge, za mawe ya msingi. Alimwamkia mama kwa mikono miwili.

"Mama, mimi sikuiba," alisema. "Niliambiwa wewe unajua."

Broka ndiye aliyemwambia. Broka pia alimwambia kwamba mambo ya bodi ni ya kufanya baadaye hati ikishatoka, na kwamba wakilipa haraka kuna mtu ndani. Simu ya broka sasa haishiki. Kijana hakuwahi kufanya sachi ya hatimiliki. Angeifanya angeona jina la mama na pengine angekuja kubisha mlango wetu kabla ya kutoa hata shilingi.

Dada yangu alitaka afukuzwe. Alisema sheria iko upande wetu, tumrudishie pesa zake polepole kama deni, seng'enge ing'olewe. Nami nilijua pesa zenyewe hatuna. Sh400,000 zilikuwa zimeenda Doha na hazikuwa zimerudi. Tulimpigia kitindamimba kwa video, simu tukaiegemeza kwenye birika la chai. Alilia. Mkewe kijana akatoka nje na mtoto.

Mama alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza swali moja tu. "Huyu kijana akienda mahakamani, na sisi twende mahakamani, hao mawakili watalipwa na nini?"

Wote tulijua jibu. Ni shamba.

Kwa hivyo tukaenda kwa wakili mmoja, sote pamoja na kijana, mara moja, na hiki ndicho tulichofanya. Karatasi ya broka tuliiweka kando kama kitu kisicho na nguvu. Kitindamimba aliandika na kuapa kwamba anakubali sehemu ambayo mama alinuia kumpa iuzwe, na kwamba ameshapokea Sh400,000. Mama, kama mwenye shamba, akaandika makubaliano mapya na kijana, yenye tarehe mpya, kwa ukubwa wa kweli: ekari 0.44, kama inavyoonekana kwenye mchoro wa sevea. Bei tuliiacha ileile ya Sh1.2 milioni kwa ekari. Hapo ikawa Sh533,000 badala ya Sh600,000, na salio likashuka kutoka Sh200,000 hadi Sh133,000. Saa ya miezi sita ikaanza upya, na safari hii tulipeleka ombi kwa bodi wiki iliyofuata.

Salio hilo ndilo lililolipa sevea, ada za kaunti na za usajili.

Kitindamimba aliuliza kwa simu, "Sasa mimi nimebaki na nini?"

"Ulikula chako, mwanangu," mama akamjibu. "Lakini kitanda chako bado kiko."

Safari ya karatasi

Bodi ilikubali kikao kilichofuata. Kutoka hapo nilidhani ni wiki mbili. Hati mpya zilitoka baada ya miezi kumi na moja. Acha nieleze mpangilio ulivyokuwa, maana ukiujua hutachezewa.

Kwanza ni sachi, kuhakikisha hati ni halisi na haina mkopo wala zuio. Pili ni mchoro wa ugawaji, ambao mpangaji wa miji aliyesajiliwa au sevea hupeleka kwa kaunti kuomba ruhusa. Ruhusa hii inatokana na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Ada hutegemea kaunti yako, kwa sababu kila kaunti hupitisha sheria yake ya fedha. Kama kuna ada za ardhi zinazodaiwa, huwezi kupita kabla ya kuzilipa. Tatu ni idhini ya bodi. Kama mwenye shamba ana mume au mke, yule mwenza lazima aseme ndiyo, na bodi itataka kumwona.

Nne, sevea anarudi shambani, anapanda bikoni na kujaza fomu ya mutesheni, ile inayoonyesha namba moja ya shamba ikizaa namba nne. Tano, mutesheni inaenda kwa afisi ya upimaji ya kaunti, inakaguliwa, namba mpya zinatolewa na ramani ya usajili inarekebishwa. Sita, hati ya zamani inarudishwa kwa msajili na kufutwa, hati mpya zinatoka. Baada ya hapo ndipo kipande kinahamishwa kutoka kwa mama hadi kwa mtu mwingine, na mnunuzi hulipa ushuru wa stempu: asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani, asilimia 4 kwa ardhi ya mjini.

Baadhi ya hatua hizi sasa zinafanyika mtandaoni kwenye Ardhisasa, iliyozinduliwa Aprili 2021 ikianzia Nairobi. Kama sajili ya eneo lako bado haijaingizwa humo, utatembea na faili kama sisi.

Kupata kipande ni mwanzo tu

Dada yangu alipata kipande cha mbele kinachopakana na barabara. Mara moja akaanza kuota: maduka matatu mbele, vyumba sita vya kukodisha nyuma, maana kuna chuo cha ufundi karibu na wanafunzi wanatafuta keja. Alikuwa tayari amezungumza na fundi.

Sevea ndiye aliyemtuliza. Hati inasema ardhi ya kilimo. Maduka na keja za kukodisha si kilimo. Kabla ya kujenga lazima aombe kaunti ibadilishe matumizi ya ardhi. Ukijenga au kubadilisha matumizi bila ruhusa, sheria ya 2019 inaruhusu faini ya hadi Sh500,000, kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili, na unaweza kuamriwa urudishe ardhi ilivyokuwa. Yaani ubomoe kwa pesa zako.

Hili si jambo la mashambani peke yake. Ukipita Kilimani au Kileleshwa leo, unapita kwenye mitaa iliyokuwa ya nyumba za ghorofa moja zenye bustani. Kila jengo refu lililochukua nafasi ya nyumba hizo lilipaswa kupitia maombi kama hayo, na ndiyo maana wakazi wa huko hupigana na kaunti kuhusu maji taka, msongamano na kivuli. Kitengela ni hadithi nyingine: mashamba makubwa ya wafugaji yaligawanywa vipande vidogo na kuwekwa ua, na njia za wanyama wanaotoka upande wa kusini wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ambao haujazungushiwa ua wote, zikazidi kubana. Hata wewe unayeendesha saluni, au kituo cha watoto, kwenye nyumba ya kuishi katika mtaa wa Nairobi unaguswa. Shughuli ndogo inayofanyika nyumbani huweza kuombewa upanuzi wa matumizi, ambapo nyumba inabaki ya kuishi na biashara inaruhusiwa kando yake. Ila ombi hutoka kwa mwenye ploti. Kama umekodi, zungumza na landilodi kabla hujanunua viti.

Kwa ombi la kubadilisha matumizi, dada alihitaji mpangaji wa miji aliyesajiliwa kumwandikia ripoti, tangazo gazetini na bango pale shambani. Bango linasema unataka kufanya nini, na linawapa watu siku 14 kupeleka pingamizi kwa maandishi kwa kaunti. Dada aliliona bango kama mzaha. Nani kijijini angepinga maduka?

Mzee wa shamba jirani alipinga. Aliandika kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu. Hakuwa na shida na maduka. Shida yake ilikuwa kwamba mchoro ulionyesha shimo la choo la vyumba sita likiwa hatua chache kutoka kwa mpaka, na ng'ambo ya mpaka ndiko kisima chake kilipo. Kisima hicho ndicho sisi tulichotea maji tukiwa wadogo.

Dada alikasirika wiki nzima. Alisema ni wivu. Kisha akaenda akasimama pale mpakani mwenyewe, akatazama mteremko, akarudi kimya. Shimo likahamishwa upande wa pili na vyumba sita vikawa vinne. Mzee akaandika barua nyingine kwamba hana tena pingamizi. Hiyo barua ilimsaidia dada kuliko mtu yeyote wa ndani.

Angekataliwa, alikuwa na siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya upatanishi ya mipango ya kaunti, na baada ya hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Muda uleule ungemhusu mtu aliyebandikiwa notisi ya kusimamisha ujenzi. Wengi hupoteza haki zao kwa kuitupa notisi kwenye droo wakitafuta mtu wa kuongea naye. Siku 14 zikiisha, unabaki kuomba huruma. Na kuna upande wa pili: sheria inasema usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ruhusa inahesabiwa imetolewa. Ndiyo maana nakala yako yenye muhuri wa siku uliyopeleka ombi ni kitu cha kuweka pamoja na hati yenyewe. Usiache afisi yoyote bila huo muhuri.

Kabla hujatuma hata shilingi

Kama unanunua, fanya sachi mwenyewe na ulinganishe jina na kitambulisho cha anayekuuzia. Kama jina si lake, zungumza na mwenye jina, uso kwa uso. Uliza kama ugawaji umeidhinishwa au ni mchoro tu wa broka. Enda na sevea wako akuonyeshe bikoni na njia ya kuingilia. Andika tarehe ya makubaliano kwenye kalenda ya simu na uhesabu miezi sita. Salio kubwa libaki hadi idhini ya bodi ipatikane. Ukiambiwa mambo ya bodi ni ya baadaye, weka simu mfukoni na uende nyumbani.

Kama unataka kubadilisha matumizi, anza kwa kuuliza afisi ya mipango ya kaunti eneo lako limetengewa nini. Dakika kumi za kuuliza zinaweza kukuokoa na mwaka wa kuomba kitu ambacho hakiwezekani. Halafu nenda kwa majirani kabla ya kuweka bango. Ni rahisi kuhamisha choo kwenye karatasi.

Na kama mzazi wako yuko hai na hati iko kabatini, muulize anataka nini angali anaweza kujibu mwenyewe. Usimuulize ukiwa na broka nyuma yako. Mama yangu aliulizwa mara moja tu maishani mwake kama kuna mtu anamlazimisha, na aliyeuliza alikuwa mwenyekiti wa bodi, si sisi watoto wake.

Sasa kuna bikoni kumi shambani kwetu na njia ya mita 9 ambayo bado ni nyasi. Kijana wa vipuri amemaliza msingi na mtoto wake ameanza kutembea. Jumapili hupita kwa mama kumletea maji ya kunywa kwa pikipiki. Kitindamimba anarudi likizo Desemba. Mama ameshafua shuka za kile kitanda.